Injini Iliyopigwa Lakiri

Mwishoni mwa mwaka 1928, kampuni ya de Havilland ya Uingereza ilichukua injini moja aina ya Gipsy, ikaipiga lakiri ili fundi yeyote asiifungue kwa siri, kisha ikaifunga kwenye ndege ndogo ya Moth. Marubani wakaambiwa waruke. Wakaruka kwa miezi tisa. Injini ilipotimiza saa 600, ikiwa imekwenda maili zipatazo 51,000, lakiri ilivunjwa na kila kipande kikakaguliwa. Vipuri vilivyohitaji kubadilishwa viligharimu pauni 7 na ushei.

Miaka kumi tu nyuma, jambo hilo lisingefikirika. Injini za vita kama Gnome ya Ufaransa, ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na propela huku zikilainishwa kwa mafuta ya mbarika, zilishushwa na kufumuliwa kila baada ya makumi machache ya saa. Jeshi lilimudu gharama hiyo. Mtu binafsi angemudu vipi?

Hata Gipsy ilikuwa na ukoo wa kivita. Mhandisi Frank Halford alianza kwa kuchukua vipande vya injini za Renault zenye silinda nane, mabaki ya vita, akaunda injini ya silinda nne iliyoitwa Cirrus. Ndiyo iliyoirusha Moth ya kwanza Februari 1925. Akiba ya mabaki ilipoanza kukauka, Halford akabuni Gipsy.

Ndege hizo zilifika mbali na kiwanda. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, akianza na Gipsy Moth. Uwanja wa Wilson unabeba jina lake hadi leo. Mei 1930 Amy Johnson aliirusha Moth yake ya mtumba kutoka London hadi Darwin, Australia, kwa siku 19. Hakuwa rubani tu: alikuwa na leseni ya ufundi wa ndege, na huko njiani elimu hiyo ilikuwa na thamani kama ya petroli.

Kila injini iliyofunguliwa na kukutwa nzima iliwapa mafundi ujasiri wa kusubiri zaidi. Gipsy Major, mdogo wake Gipsy, iliruhusiwa kwenda saa 1,260 kabla ya kufumuliwa mwaka 1943, na 1,500 mwaka 1945. Hapa pana jambo ambalo wamiliki wengi hulisahau: idadi ya saa iliyoandikwa kitabuni ni kumbukumbu ya injini zilizotangulia. Haijui lolote kuhusu hii iliyopo bandani.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta somo lililoumiza zaidi. Mwanabiolojia C. H. Waddington, akichunguza ndege za Liberator za kikosi cha pwani cha Uingereza, alihesabu hitilafu kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, uliofanywa kila saa 50. Zilikuwa nyingi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua kadiri ndege ilivyozidi kuruka. Mkono wa fundi, uliokuja kuponya, ulikuwa ukivuruga vilivyokuwa vimetulia.

Mwenye Cessna 172 leo anasimama katikati ya historia hiyo. Lycoming, kampuni iliyounda injini za nyingi kati ya ndege hizo, hupendekeza injini nyingi za familia ya O-320 zifumuliwe zikifika saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Nchini Marekani, anayeruka kwa shughuli zake binafsi hafungwi kisheria na pendekezo hilo. Ila miaka si ya kupuuzwa. Katika injini hizo kamshafti iko juu ya kranki. Ndege ikikaa wiki kadhaa bila kuruka, oili hutiririka chini na kuiacha wazi kwa unyevu, nayo hushika kutu. Injini yenye saa 600 iliyolala miaka mingi inaweza kuwa mgonjwa kuliko yenye 2,200 inayoruka kila wiki.

Kwa hiyo uamuzi huanzia mezani, kwenye filta ya oili. Fundi huikata, hukunjua karatasi yake chini ya taa, kisha hupitisha sumaku polepole juu ya mikunjo. Chembe zikiganda ni chuma, na kamshafti inakuwa miongoni mwa washukiwa wa kwanza, hata kama kitabu kinaonyesha saa mia nane bado zimebaki.