Mgeni Aliyewaacha Kupe Wake Nyumbani

Huku Matongo, wilayani Tarime, Mto Mara unapita jirani ukielekea Ziwa Victoria, na samaki wa ziwani wanapanda kuja gulioni. Mama mmoja anauliza bei ya sato, mwingine anageuzageuza kipande cha sangara. Vijana hudhani samaki hao ni wenyeji wa ziwa tangu enzi. Sivyo. Wote wawili ni wahamiaji.

Sangara alitolewa Ziwa Albert, akamwagwa upande wa Uganda katikati ya miaka ya 1950 huku wataalamu wakibishana. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine kwa idhini rasmi. Alikaa kimya miaka kadhaa, kisha miaka ya 1980 akafurika. Viwanda vya minofu vikafunguliwa, na furu wetu, aina kwa aina, wakatoweka.

Mgeni huyu alipata wapi nguvu? Jibu la kwanza ni chakula: alikuta furu tele wasiomjua. Jibu la pili husemwa mara chache. Mnyama anayehamishwa huwaacha nyuma wanyonyaji wake wengi.

Mwaka 2003, mtafiti Mark Torchin na wenzake walitoa hesabu ya aina 26 za wanyama waliohamishwa duniani, samaki wakiwamo. Kwao, kila aina ilikuwa na wastani wa aina 16 za vimelea. Ugenini waliandamana nayo wasiofika 3, na wapya kama 4 wakaipata huko. Sababu ni nyepesi. Wanaobebwa ni wachache, pengine vifaranga ambao minyoo haijawashika. Tena mnyoo unaopitia kwa konokono, kisha samaki, kisha ndege, ukikosa mmoja kati ya hao, ukoo wake unakatika.

Lakini tusijidanganye kwamba mgeni huja mikono mitupu. Uko mnyoo mdogo wa kwenye matamvua ya sangara. Huo hauhitaji konokono. Unatoka kwa samaki mmoja kwenda kwa mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ulivuka pamoja naye hadi Victoria. Na mwaka 2018 watafiti waliripoti virusi vya sato katika samaki wa ziwa hilo, upande wa Uganda na wa kwetu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Leo vizimba vya sato vinaongezeka ziwani, na vifaranga wanasafirishwa huku na huko. Aliyemwaga sangara miaka ile hakujua amebeba nini kwenye maji yake. Sisi tunajua, kwa hiyo hatuna udhuru. Vifaranga wapimwe kabla ya kuvuka mpaka au kuingia ziwani, siyo baada ya samaki kuelea.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ziwa letu mgeni ndiye aliyepona. Muulizeni furu.