Darasa Nje ya Chuo

Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akasomesha humo elimu ya maumbile ya wanyama. Alipokuwa akichunguza kupe waletao maradhi ya ng'ombe, aliona adui mkubwa kuliko kupe: mito imejaa udongo, na mifugo imekonda kwa kukosa malisho. Basi mwaka 1977 akaanza kuwahimiza wanawake wapande miti. Mabwana misitu walidhani kazi hiyo yataka wenye vyeti. Walakini wanawake wakaotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika, wakafundishana wao kwa wao. Mwaka 1982 Maathai alitoka chuoni, wala hakuacha kufundisha. Hata alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, miti iliyopandwa ilizidi milioni 30, na wengi wa waliyoipanda hawakupata kukanyaga chuo.