Kutoka Majina ya Ubatizo hadi Barabara za Kinshasa: Wakatoliki mbele ya Utawala wa Mobutu, 1972–1992

Mvutano kati ya Kanisa Katoliki na utawala wa Mobutu husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa watu wawili: Rais upande huu, Kardinali Malula upande ule. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini yanaficha jambo kubwa zaidi. Katika muda wa miaka 20, kilichotetewa kwa jina la imani kilibadilika, na waliokitetea walibadilika pia.

Mobutu alipotwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, wakuu wa Kanisa hawakumpinga. Nchi ilikuwa imechoshwa na maasi, na mapadri na masista wengi walikuwa wameuawa katika mwaka 1964. Amani, hata ile ya mkono wa jeshi, ilipokelewa kwa matumaini.

Ugomvi ulizuka Januari 1972, pale wananchi walipoamriwa kuacha majina ya ubatizo yenye asili ya kigeni kwa ajili ya siasa iliyoitwa authenticité. Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipinga. Gazeti la Afrique Chrétienne likasimamishwa, makao ya Kardinali yakatwaliwa, naye akakaa Roma kwa miezi kadhaa. Ajabu ni kwamba mtu huyo ndiye aliyekuwa mtetezi mashuhuri wa Kanisa lenye sura ya Kiafrika. Ibada ya misa ya Kizaire, aliyoipigania, ilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Hakukataa asili ya Kiafrika. Alikataa dola kujifanya mwenye kuigawa.

Hata hivyo, maaskofu walilegeza msimamo juu ya majina. Yakafuata matawi ya vijana wa chama cha M.P.R. katika seminari, kisha, mwishoni mwa 1974, kutaifishwa kwa shule. Shule zilirudishwa mwaka 1977, serikali iliposhindwa kuziendesha. Katika magomvi hayo yote, mali iliyogombewa ilikuwa ya Kanisa lenyewe. Mwalimu asiyelipwa mshahara na mkulima aliyenyang'anywa mazao njiani hawakuwa kiini cha mabishano. Ni kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 ndipo barua za maaskofu zilipozidi kukemea rushwa na ufukara wa raia. Na Machi 1990 waraka wao kwa Rais ulihoji mfumo mzima wa utawala.

Wakati huohuo, jambo lingine lilikuwa likikua kimyakimya. Tangu 1975 Malula alikabidhi parokia kadhaa za Kinshasa kwa walei walioitwa bakambi, huku jumuiya ndogo za Kikristo zikienea mitaani. Watu waliosali pamoja walijifunza pia kuongoza mikutano, kutunza fedha na kusema mbele ya wengine. Dola lililokuwa limefuta vyama vyote halikutambua shule hiyo ya uraia.

Malula alifariki mwaka 1989. Mnamo Januari 1992 serikali ilisimamisha Mkutano Mkuu wa Taifa, uliokuwa chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Monsengwo. Walioitikia kwanza kwa vitendo walikuwa walei. Jumapili tarehe 16 Februari, baada ya misa, umati ulitoka parokiani ukiwa na rozari, misalaba na matawi ya miti. Waamini wa madhehebu mengine wakajiunga. Safari hii hawakudai seminari wala shule. Walidai wananchi warudishiwe baraza lao. Askari walifyatua risasi, na watu wengi wakauawa. Tarehe 6 Aprili Mkutano ulifunguliwa tena.

Haifai kukuza ushindi huo. Mobutu aliendelea kutawala hadi Mei 1997. Tena Biblia ileile ilisomwa na viongozi wa makanisa mengine walioukaribia utawala, hata wakausifu. Imani peke yake, basi, haikuamua msimamo wa mtu. Iliwapa waamini mahali pa kukutana, lugha ya kudai haki na ujasiri wa kutembea bila silaha. Kwa sababu hiyo, tarehe 31 Desemba 2017, utawala mwingine ulipopitisha muda wake, kamati ya walei ndiyo iliyoita tena maandamano, na parokia zikawa tena mahali pa kuanzia safari.