Masika ya Nani? Safari na Majira katika Historia ya Kiswahili

Tulipokuwa tukisahihisha insha za mwaka wa kwanza, tulimkata mwanafunzi mmoja kutoka Kabarole alama mbili kwa kuandika kwamba mvua ya vuli ni kubwa kuliko ya masika. Vitabu vya kiada vinasema kinyume chake, nasi tulivifuata. Mwanafunzi huyo alikuja ofisini, akasema kwa adabu, "Mwalimu, kwetu Novemba ndiyo mvua yenyewe." Tulimjibu kwamba mtihani ni wa Kiswahili, si wa hali ya hewa. Jibu hilo halikuturidhisha hata sisi wenyewe. Kwa kuwa idara sasa inapanga ziara ya kimasomo ya Bagamoyo na Unguja, na wengi wanauliza kwa nini isifanyike likizo ya Aprili, tumeona vyema kulijadili suala hili la majira hapa.

Ikumbukwe kwamba majina ya majira katika Kiswahili yalizaliwa pwani, miongoni mwa watu waliosafiri kwa tanga. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yakiwa na tende na vitambaa. Kusi, inayoanza Aprili, iliyarudisha yakiwa na pembe za ndovu, boriti na karafuu. Hata hivyo, nahodha mwenye busara hakungojea kusi ya Juni na Julai, ambayo ni kali mno. Aliondoka mapema au alisubiri hadi Agosti na Septemba, upepo ukiwa umepungua nguvu. Aliyekosa nafasi yake alikaa bandarini miezi kadhaa, na wengi walioa humo humo. Lugha yetu ina deni kwa watu hao waliochelewa!

Mwaka wa Hijra haukuweza kumsaidia baharia huyo, kwani hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11 kila mwaka wa jua. Ramadhani huangukia kiangazi, kisha baada ya miaka huangukia masika. Ndiyo maana Waswahili walitumia pia mwaka wa siku 365 ulioanzia Nairuzi, wakihesabu siku kumi kumi. Kila kumi iliitwa mwongo. Leo tunafundisha kwamba mwongo, au muongo, ni miaka kumi, na wanafunzi wetu hawana habari kwamba baharia na mkulima walipanga safari na kilimo kwa miongo ya siku. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, Unguja, inayofanyika kila Julai, ni mabaki ya kalenda hiyo.

Barani mambo yalikuwa tofauti. Wapagazi wa Kinyamwezi walipendelea kushuka pwani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, nao walitaka kuwa nyumbani mvua za kupandia zinapoanza, yapata Novemba. Tajiri aliyetaka mizigo yake ibebwe hakuwa na budi kuiheshimu kalenda ya jembe. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, mvua zikiwa zimekwisha, wakafika Tabora tarehe 7 Novemba. Stanley, kinyume chake, aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, masika ikimkabili. Bonde la Makata lilikuwa limefurika, na msafara ukapita ndani ya maji na matope. Ajabu ni kwamba alifika Tabora kwa muda wa miezi mitatu hivi, haraka kuliko Burton! Kwa hiyo tusidai kwamba majira ndiyo yaliyoamua kila kitu. Lakini Wazungu wenzake wawili, Farquhar na Shaw, walifariki katika safari hiyo.

Njia hizo hizo ndizo zilizoleta Kiswahili huku kwetu. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika jumba la Kabaka Suna II katika miaka ya 1840, wakiwa na nguo, bunduki na lugha. Walileta pia neno masika, ambalo lilikuwa limekwisha kubadilika njiani: Tabora haina misimu miwili ya mvua, bali mmoja mrefu wa Novemba hadi Aprili. Buganda walikuta watu wenye majina yao. Mvua za mwanzo wa mwaka ni ttoggo, za pili ni ddumbi. Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu, na Novemba ni Museenene, mwezi wa senene. Hakuna aliyewauliza Waganda kama ddumbi ni mvua "fupi".

Na mwanafunzi wetu wa Kabarole ana mashahidi. Freshfield na Mumm walijaribu kuupanda Rwenzori mnamo Novemba 1905, mvua ikawarudisha. Mtawala wa Abruzzi alikuja mwaka uliofuata katika majira yenye nafuu, akasimama juu ya kilele cha Margherita tarehe 18 Juni 1906. Wanafunzi wanaopenda kupanda mlima huo wangali wanashauriwa kwenda Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari.

Tunapendekeza, basi, kwamba walimu wanapofundisha msamiati wa majira waandike ubaoni ni majira ya wapi, na wamwombe kila mwanafunzi alete majina ya kwao. Kazi hiyo inachukua kipindi kimoja tu.

Ziara itakuwa Julai. Aprili pwani ni masika halisi, na magofu ya Kaole hayatazamwi vizuri chini ya mwavuli. Kipupwe kitakuwapo, ingawa hatudhani baridi ya Unguja itamtisha mtu wa Kabale. Zile alama mbili tumezirudisha.