Urithi wa Mwindaji Ndani ya Kamera

Mwaka 1905 kilitoka Leipzig kitabu cha Carl Georg Schillings kiitwacho Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mwako wa kamera na kwa bunduki. Jina hilo halikuficha kitu. Schillings alikuwa Mjerumani mwenye mali, mpenda wanyama na mwindaji hodari, na alikuwa amezunguka mara kadhaa katika nyika za kaskazini mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, kati ya Kilimanjaro na Mto Pangani. Alipiga risasi mchana na picha usiku.

Namna alivyozipata picha hizo inastahili kuelezwa. Ng'ombe au punda alifungwa mahali ambapo simba walizoea kupita. Kamera za vioo, nzito na dhaifu, zilitegwa kandokando, na uzi ukatandazwa gizani. Simba aliporuka na kuugusa uzi, unga wa magnesi ulilipuka kwa mwanga mkali na kamera ikafunguka papo hapo. Ulikuwa mtego kamili, ila tu hapakuwa na kitanzi. Unga wenyewe ungeweza kumlipukia aliyekuwa akiutega. Na makasha ya vioo, unga, mahema na chakula vilipanda na kushuka vilima vichwani mwa wapagazi. Ukiitazama picha ya simba wa Schillings akimrukia punda, kumbuka kwamba nje ya ukingo wa picha kulikuwa na kambi nzima ya watu. Ulaya iliona nyika tupu.

Wakati huohuo hofu ya kuisha kwa wanyama ilikuwa imeshawaingia wawindaji wenyewe. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa koloni hilo la Wajerumani, alitoa amri ya leseni za uwindaji, na mwaka 1900 serikali za kikoloni zilikutana London kujadili wanyama wa Afrika. Mwingereza Edward North Buxton, aliyekuwa mstari wa mbele kuanzisha chama cha kuhifadhi wanyama mwaka 1903, aliwahimiza wenzake waweke bunduki chini na kushika kamera. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini angalia uliwalenga nani: waungwana wenye nauli ya meli. Mwenyeji aliyetega wavu ili apate kitoweo hakupewa kamera. Yeye alipewa jina la jangili.

Basi kamera ikaingia katika nafasi iliyoachwa wazi na bunduki, na tabia za bunduki zikabaki. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909, mwanawe Kermit ndiye aliyekuwa mpigapicha wa msafara, na hao wawili peke yao waliangusha wanyama zaidi ya 500. Mwaka 1926 alifika George Eastman, mwenye Kodak, kampuni iliyoifanya picha kuwa burudani ya watu wa kawaida. Alikuwa miongoni mwa waliowafadhili Martin na Osa Johnson, mume na mke Wamarekani waliopiga kambi miaka kadhaa kwenye ziwa la kreta huko Marsabit wakinasa tembo kwenye filamu. Eastman naye alikuja na kamera, na alikuja na bunduki.

Urithi huo unaonekana wazi zaidi katika orodha ambayo mgeni yeyote wa Serengeti au Maasai Mara huikariri: simba, chui, tembo, kifaru, nyati. Hao ni watano waliokuwa hatari kuwafuata kwa miguu ukiwa na bunduki. Twiga, mnyama wa taifa la Tanzania, hayumo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini orodha ya wawindaji ikaendelea kuendesha magari ya wapigapicha. Hata leo redio ya dereva ikitaja chui, magari kumi hukimbilia mti mmoja, na hakuna anayegeuza lenzi kutazama mti wenyewe.

Kwa maoni yangu, yaliyopoteza zaidi ni maua. Joy Adamson alichora mamia ya mimea ya Kenya kabla dunia haijamjua kwa simba jike aitwaye Elsa. Waulize watu leo, watakutajia simba. Upande wa Tanzania, uwanda wa Kitulo katika nyanda za juu za kusini, ambao watu huuita Bustani ya Mungu, ulipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake. Mvua zikikolea, kati ya Desemba na Aprili, okidi huchanua kwenye nyasi, na mpigapicha hulazimika kupiga magoti katika tope na ukungu, mahali ambapo lenzi ndefu ya kumfuatia simba haina kazi kubwa.

Huko picha ya mtu anayepiga kwa burudani ina manufaa ambayo nyara haikuwa nayo. Viazi vya okidi huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kiazi kikishang'olewa, ni vigumu kujua ni cha okidi ipi. Ua lililopigwa picha likiwa shinani, likiandikiwa mwezi na mwinuko, husaidia kuitambua aina na majira yake. Jina la mahali picha ilipopigwa ni heri lisichapishwe, kwa maana mchimbaji naye anazo picha hizohizo kwenye simu yake.