Karani wa fomu za CD3

Ikitajwa Goldenberg, wengi hukumbuka mabilioni na majina ya wakubwa. Mimi humkumbuka karani. Mwanzoni mwa miaka ya 90 David Munyakei alikuwa kijana wa Benki Kuu ya Kenya, kwenye dawati la fidia ya wauzaji bidhaa nje. Kazi yake ilikuwa karatasi, hasa fomu za CD3 zilizohusu fedha za kigeni zinazoingia nchini. Akaona kampuni moja ikidai fidia ya dhahabu na almasi. Almasi, Kenya hii! Tena sheria iliruhusu asilimia 20, na wao walikuwa wakilipwa 35.

Sasa kaa kwenye kiti chake. Unamwambia nani? Bosi? Malipo kama hayo hayatoki bila saini za wakubwa. Polisi? Wanaamriwa na serikali ileile. Munyakei alipeleka nakala kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 Anyang' Nyong'o na Paul Muite wakalifikisha jambo hilo Bungeni. Watu hupita hapo haraka, lakini ndipo penye uzito: upinzani ulikuwa ndiyo kwanza umeingia Bungeni, baada ya uchaguzi wa Desemba 1992. Angegundua miaka miwili mapema, hata mlango huo asingeupata.

Aliyekamatwa ni yeye, kwa Sheria ya Siri Rasmi. Kesi haikumfunga, ila kazi ilikwenda. Akakimbilia Mombasa, akasilimu, akaoa. Tuzo ya Transparency International ilimfikia 2004, kazi hakurudishiwa. Alifariki 2006, maskini. Billy Kahora amemwandikia kitabu, na nadhani kila mwajiriwa mpya wa serikali angepewa nakala pamoja na barua ya kazi.

Leo mtumishi wa umma anaweza kuripoti kwa EACC mtandaoni bila kutaja jina. Sheria ya Hongo ya 2016 inampa mwenye mamlaka saa 24 kuripoti hongo anayoijua au kuishuku, na kumtisha mtoa taarifa ni kosa. Sawa. Lakini sheria hiyo ni ya hongo, na si kila wizi ni hongo. Mswada mpana wa kuwalinda wafichuzi umezungushwa miaka na miaka.

Ndiyo maana watu wangu wa maofisini hawanitumii kitu. Tunakutana, ananishikia simu yake nisome, nanakili kwa kalamu, kisha anaifuta ile picha nikimwona.