Gemu inazima ukihifadhi? Kagua haya kabla hujafuta kompyuta

Malalamiko ni yale yale, yawe yametoka Mtongwe, Mshomoroni au Magongo. Kijana anacheza gemu saa nzima bila tatizo, picha safi na sauti safi. Akibonyeza kuhifadhi pale alipofika, gemu inaganda, kisha inajifunga yenyewe. Akiifungua tena, jioni yote imepotea. Akijaribu mara ya pili, ni hayo kwa hayo.

Hapo kompyuta hubebwa kwa fundi, na fundi mwenye haraka hukata shauri papo hapo: "Hii ni kupiga Windows upya." Tangu nimalize diploma yangu ya teknolojia ya habari nimekuwa nikizitazama kompyuta za majirani hapa Kisauni, na nasema wazi kwamba dawa hiyo mara nyingi huleta hasara kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwaka jana mama mmoja wa Likoni aliniletea kompyuta ya mwanawe iliyokuwa imeshatoka kwa fundi. Windows ilikuwa mpya, lakini gemu ilikuwa bado inazima. Picha za marehemu mumewe, zilizokuwa humo tu na si kwengine kokote, zilikuwa zimefutwa. Tatizo la gemu lilikuwa mahali ilipowekwa, na kuihamisha kulichukua dakika chache. Picha hazikurudi.

Kwa hivyo makala haya ni ya kukata na kuweka. Yafuate kwa mpangilio.

Kwa nini izime wakati wa kuhifadhi tu?

Unapocheza, gemu husoma mambo kutoka kwenye diski na kuyaweka kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo hufutika umeme ukikatika. Ukihifadhi, gemu inaomba kuandika faili kwenye diski. Windows ikikataa, gemu iliyotengenezwa kwa uangalifu itakuambia kwamba imeshindwa. Nyengine, hasa za zamani, hazikutarajia kuambiwa hapana, basi zinajifunga.

Ndiyo maana ubovu wa namna hii, mara nyingi, si wa kadi ya picha wala wa RAM. Swali la kuuliza ni hili: gemu inaandika wapi, na nani anaizuia?

Hatua ya kwanza: nakili vyako

Kabla ya kugusa chochote, nakili picha, kazi za shule na faili za gemu zilizohifadhiwa, uziweke kwenye flashi au diski ya nje. Kisha fungua faili mbili tatu kutoka kwenye flashi hiyo uone kama zinafunguka. Flashi bandia zimejaa sokoni. Zinaonyesha zina nafasi kubwa, kumbe ndani hamna, na faili unazopakia zinaharibika bila wewe kujua.

Hatua ya pili: tafuta gemu inaandika wapi

Gemu nyingi huandika kwenye folda ya Documents. GTA San Andreas huweka faili zake humo, kwenye folda iitwayo "GTA San Andreas User Files". Euro Truck Simulator 2 nayo huweka humo, kwenye folda yenye jina lake. Zile za zamani zaidi huandika ndani ya folda zao wenyewe. Age of Empires II ya mwaka 1999, kwa mfano, hutumia folda ya SaveGame pale pale ilipowekwa.

Hatua ya tatu: jaribu kwa Notepad

Hiki ni kipimo kidogo ambacho hakigharimu hata shilingi. Fungua Notepad, andika neno lolote, kisha lihifadhi ndani ya folda ile ile ya gemu. Matokeo yatakuonyesha njia ya kufuata.

Notepad ikikataliwa pia

Shida iko kwenye folda au diski. Kagua mambo matatu.

1. Nafasi. Fungua This PC utazame diski C. Ikiwa mstari wake umegeuka mwekundu, diski inakaribia kujaa. Faili fupi ya Notepad yaweza kupenya na ya gemu ikashindwa, kwa hivyo tazama hata kama Notepad ilifaulu. Punguza video na vitu ulivyopakua, kisha mwaga pipa la taka.

2. Ruhusa. Tangu Windows Vista itoke mwaka 2007, programu ya kawaida haiachiwi kuandika ovyo ndani ya folda ya Program Files. Gemu za kabla ya hapo zilizoea kuandika humo. Wakati mwengine Windows huipeleka faili kwenye folda iliyofichika iitwayo VirtualStore, na wakati mwengine hukataa kabisa. Ondoa gemu kisha iweke upya kwenye folda yako mwenyewe, kama vile C:\Gemu. Usiizoeze gemu kufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta kila siku, hasa kama ni nakala iliyotoka kwa rafiki, maana hujui imebeba nini.

3. Diski yenyewe. Ikiwa faili za kawaida pia zinachelewa kufunguka, kompyuta inaganda mara kwa mara, au diski inatoa mlio wa tiki tiki, huenda inakufa. CrystalDiskInfo ni programu ya bure inayosoma afya ya diski. Ikionyesha hatari, usianze matengenezo. Nakili vyako kwanza, kisha ununue diski nyengine. Kompyuta zetu nyingi ni mitumba, na diski iliyomo ilikuwa imeshafanya kazi miaka katika ofisi ya watu.

Notepad ikikubaliwa

Folda ni nzima, kwa hivyo inayozuiwa ni gemu peke yake. Kagua manne.

1. Kinga ya Windows. Mwezi Oktoba 2017, miezi michache baada ya kirusi cha WannaCry kufunga kompyuta za watu katika nchi nyingi, Microsoft iliongeza kwenye Windows 10 kinga iitwayo "Controlled folder access". Kinga hii huzuia programu isiyojulikana kuandika kwenye Documents na Pictures. Haiji ikiwa imewashwa, lakini ikishawashwa na mtu, gemu hukataliwa huku Notepad ikiruhusiwa. Fungua Windows Security, ingia kwenye sehemu ya virusi, shuka hadi kwenye kinga ya ransomware. Usiizime kinga nzima. Iongeze gemu peke yake kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa. Kama unatumia antivairasi ya kampuni nyengine, itazame nayo pia.

2. Faili ya zamani iliyoharibika. Hapa kwetu hii ni kubwa. Stima ikikatika gemu ikiwa katikati ya kuandika, faili hubaki nusu, pengine ukubwa wake ukaonyesha sifuri. Mara nyengine ukifungua ukurasa wa kuhifadhi, gemu huzisoma faili zote za nyuma, ikifika kwenye ile mbovu inaanguka. Hamisha faili zote kwenye folda nyengine, anza mchezo mpya, ujaribu kuhifadhi. Ikikubali, zirudishe moja moja mpaka umjue mkorofi. Laptopu ya mitumba ambayo betri yake imekufa iko katika hatari hiyo hiyo, maana waya ukichomoka tu nayo imezima.

3. Jina la akaunti. Kompyuta nyingi huingia hapa kupitia Dubai, na nyengine huja na akaunti iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Windows yenyewe haina shida nazo, lakini gemu za zamani nyengine hushindwa kuisoma njia ya folda yenye herufi zisizo za Kilatini. Kubadilisha jina linaloonekana kwenye skrini hakusaidii, kwa sababu folda hubaki na jina lake la kwanza. Fungua akaunti mpya kwa herufi za Kilatini na ucheze humo.

4. OneDrive. Huenda Documents yako imehamishiwa kwenye OneDrive bila ya wewe kutambua. Ikiwa OneDrive inaipandisha faili mtandaoni wakati ule ule gemu inataka kuiandika, zaweza kugongana. Isimamishe kwa muda, kisha ujaribu kuhifadhi. Kumbuka pia kwamba nafasi ya bure huko ni GB 5 tu, na ikijaa, faili mpya hazipandi.

Ukimaliza yote haya na gemu bado inazima, tafuta toleo jipya la gemu au uiweke upya hiyo gemu peke yake. Nakala zilizovunjwa kufuli, ambazo ndizo nyingi mitaani, hukosa vipande, na antivairasi nayo huziondolea vyengine. Hapo hakuna mpangilio wa Windows utakaoiponya.

Neno kwa wazazi na mafundi

Mzazi, usipuuze kwa kuwa ni gemu. Diski inayoshindwa kuandika gemu leo yaweza kushindwa kuandika kazi ya shule kesho, na gemu imekuwa ya kwanza kukuonya.

Na ndugu zangu mafundi, kompyuta ya mtu ni amana. Ndani mna vyeti, mna hesabu za duka, mna sura za watu waliotangulia mbele ya haki. Kufuta kunahitaji idhini ya mwenyewe, baada ya kuelezwa kitakachopotea.

Wewe mwenye kompyuta, kabla ya kuiacha dukani muulize fundi mambo matatu: umeijaribu kwa Notepad? Umeona diski ina afya gani? Vitu vyangu umevinakili wapi? Asipokuwa na jibu la hilo la tatu, beba kompyuta yako urudi nayo nyumbani.